Simu ya Muscat iliyopita njia ya panya

Shangazi yangu wa Wete hapokei namba asiyoijua. Miaka miwili iliyopita alipigiwa na mtu aliyejifanya wakala, nusura amtumie akiba yake yote, na tangu siku hiyo namba isiyokuja na jina huiacha ikalia mpaka ikanyamaza. Simu yake ni kitochi. Majina yaliyomo hayafiki thelathini, kayaandika mjukuu wake anayesoma skuli, na kwa shangazi hao ndio watu wenye ruhusa ya kumpigia.

Msimu wa karafuu uliopita, mwanawe aliyeko Muscat alimpigia siku tatu mfululizo. Hakupokea hata mara moja. Habari yenyewe ilikuwa fupi: pesa za wachumaji zimeshafika kwa mtu wao pale mjini, akazichukue. Mchumaji wa karafuu hulipwa kwa pishi, na hawezi kumngoja mwenye shamba asiye na pesa mkononi ilhali shamba la jirani linalipa jioni ile ile. Wachumaji wakahama. Nilipofika Wete siku chache baadaye kwa shughuli zangu, nilikuta sehemu ya karafuu imeshafunguka maua mtini, na karafuu ikishafunguka imekwisha thamani yake.

"Mama hapokei simu zangu, sijui nimemkosea nini," binamu yangu aliniambia kwa ujumbe wa sauti. Shangazi naye akaapa mbele yangu kwamba simu ya Uarabuni haikuingia hata moja. Nikamwomba kitochi chake, nikafungua orodha ya simu ambazo hazikupokelewa. Hakukuwa na namba inayoanza na 968, ambao ndio msimbo wa Oman. Kulikuwa na namba za hapa hapa Tanzania, tatu tofauti, na saa zake zililingana na saa alizonitajia binamu.

Kazi yangu ni kufunga mitambo ya simu maofisini na mahotelini, Unguja na Pemba. Nilipoziona namba zile nilijua tunashughulika na nini. Simu za binamu zilikuwa zimepita njia ya panya, na mwisho wa njia hiyo kuna kifaa ambacho mafundi tunakiita simboksi. Habari za simboksi zikiandikwa, husemwa zaidi kodi na mapato yaliyopotea. Ni kweli yanapotea. Lakini katika kisa hiki kitu cha kwanza kuibiwa kilikuwa jina la mpigaji, na cha pili, kama nitakavyoeleza, kilikuwa kidole cha mama mmoja wa Chake Chake.

Nilimuuliza binamu anapigaje. Kule Oman simu za sauti za WhatsApp zimekuwa zikizuiwa kwa miaka. Ujumbe unapita, lakini ukipiga haiungi. Na hata ingeunga, kitochi cha shangazi hakina WhatsApp. Kupiga moja kwa moja kwa laini yake ya Oman anaona ni ghali. Kwa hiyo hununua dakika za programu moja ya bei rahisi, kwenye duka la simu huko Ruwi. Anapewa namba ya vocha, anaiingiza, anapiga. Yeye hana kosa lolote analolijua: kauziwa dakika dukani, mchana, mbele za watu.

Tukakubaliana anipigie mimi mara kumi kwa jioni mbili, kwa saa tulizopangiana, nami niandike daftarini namba iliyotokea na sauti ilivyokuwa. Mara saba ilitokea namba ya Tanzania. Namba zenyewe zilikuwa nne, zikijirudia. Mara mbili ilitokea namba ya nchi ambayo binamu hajapata kuikanyaga. Mara moja haikuunga kabisa. Ile 968 sikuiona. Nilipozipigia zile nne za hapa, mbili zikasema hazipatikani, moja ikaita bila kupokelewa, na moja ikakatika kabla ya kuita. Sauti nayo ilikuwa ikichelewa: neno lake linanifikia nami nimeshaanza jengine, tukawa tunagongana kama watu wawili kwenye mlango mwembamba.

Simu ya halali kutoka Muscat husafiri hivi. Kampuni ya simu ya Oman huikabidhi kwa kampuni ya kimataifa inayosafirisha simu, nayo huileta kwenye lango la kimataifa la mtandao wa hapa kwetu. Langoni dakika zinahesabiwa na malipo yake yanajulikana, kisha simu inapelekwa mpaka mnara wa Wete na kuita kwenye kitochi ikiwa na namba yake ya 968. Mwaka 2013 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilifunga mtambo wa kusimamia mawasiliano hayo, ule unaojulikana kwa herufi TTMS, na miongoni mwa kazi zake ni kuhesabu dakika zinazoingia kutoka nje na kusaka zile zinazolikwepa lango.

Wenye programu ya binamu hawana mtandao wao hapa nchini. Wananunua dakika kwa jumla, na soko la dakika halitofautiani sana na mnada wa samaki: dakika ya kwenda Tanzania huyu anamuuzia yule, yule anamuuzia mwengine, na kompyuta za kila mmoja zinachagua bei ya chini iliyopo kwa wakati huo. Ndiyo maana daftari langu lilikuwa na mchanganyiko. Simu ya saa mbili usiku ilipita mkono huu, ya saa mbili na robo mkono mwengine. Katika mkono wa tatu au wa nne anatokea anayeuza chini ya bei ambayo lango la halali lingetoza, na hapo simu inaiacha barabara. Inageuzwa vipande vya data, inasafiri kwa intaneti ya kawaida, inaingia kwenye chumba fulani nchini mwetu.

Ndani ya chumba kuna kisanduku kisichozidi sana king'amuzi kwa ukubwa. Kina waya wa intaneti, antena fupi fupi zilizopangwa kama meno ya kitana, na nafasi za kutia laini: 8, 16, 32 au zaidi. Kwa hakika ni simu nyingi zisizo na kioo wala vitufe, kila moja na redio yake na namba yake ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, yenye tarakimu 15. Simu ya binamu ikifika kwa intaneti, kisanduku kinachagua laini iliyo huru, kinampigia shangazi kama ambavyo wewe ungempigia, kisha kinaziunga simu mbili hizo ziwe moja. Mnara unachokiona ni mtu wa Tanzania anampigia mtu wa Tanzania. Namba inayotokea kwenye kitochi ni ya laini iliyopiga, kwa sababu kwa mtandao wa simu mpigaji ni laini ile. Binamu hayumo kabisa katika kumbukumbu za simu yake mwenyewe.

Kifaa hicho kwa umbo lake hakina hatia, na hili nalisema kwa sababu nimewahi kukifunga. Hoteli moja ya pwani ya kaskazini Unguja ilitaka mapokezi waweze kuwapigia madereva na wauza samaki kwenye simu za mkononi kupitia mtambo wa hoteli. Tukafunga cha laini nne, zote za hoteli, kwa jina la hoteli. Anayepigiwa anaona namba ya hoteli, na akiipiga anapata mapokezi. Hiki kilichobeba simu za binamu kinabeba simu za watu baki kutoka nchi nyengine, kinaziuza, na kinazitoa kwa jina la mtu asiyehusika.

Faida iko kwenye pengo la bei. Ada ya maingiliano, ambayo mtandao mmoja wa hapa humlipa mwenzake kwa kumpokelea simu ya ndani, imeshushwa sana: ilikuwa Sh34.92 kwa dakika mwaka 2013, ikawa Sh15.60 mwaka 2018, ikashuka kila mwaka mpaka Sh2.00 mwaka 2022. Kushuka huko kumetunufaisha sote tunaopiga mitandao tofauti. Simu inayoingia kutoka nje, hata hivyo, hutozwa kwa senti za dola. Tuchukue senti 10 kwa mfano wa hesabu tu: dola ikiwa Sh2,500, hizo ni Sh250 kwa dakika moja. Anayeweza kuivalisha dakika ya Sh250 nguo za dakika ya Sh2 ana pengo la kutosha kugawana na kila aliye njiani, na bado binamu akauziwa rahisi. Tena wenye visanduku hupanga laini za kila mtandao, ili simu ya kwenda mtandao fulani itoke kwa laini ya mtandao huo huo, kwa kifurushi cha dakika kama changu na chako. Hata zile shilingi mbili za maingiliano hazilipwi.

Sauti kuchelewa na kukwaruza kuna sababu zake. Ili kuokoa intaneti, sauti mara nyingi hukamuliwa mpaka kilobiti 8 kwa sekunde. Ikifika kisandukuni inafunguliwa, kisha inakamuliwa upya kwa namna ya redio ya simu. Kila ukamuaji unaacha kitu nyuma, na kila hatua inaongeza kuchelewa. Shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Ikizidi sana, wazungumzaji huanza kukatana maneno. Kwa vijana ni usumbufu. Kwa mama mtu mzima anayeuliza mara tatu "umesema nini mwanangu?", ni mazungumzo yanayoisha kwa "basi, salimia watoto".

Na wapo wanaoumia bila kupiga wala kupigiwa. Chaneli moja ya GSM, yaani redio ya simu za kizazi cha pili, ina nafasi nane, na katika kila mnara angalau nafasi moja hushikwa na ishara za mtandao wenyewe. Kisanduku cha laini 32 kikijaa simu kwa pamoja kinaweza kumeza chaneli nne nzima na kuomba nyengine. Mnara uliopangiwa kijiji cha wakulima na wavuvi haukupimwa kwa mzigo huo. Majirani wanaambiwa mtandao una msongamano, wanazima simu na kuwasha, wanapanda juu ya dari.

Sasa nirudi kwenye zile namba nne. Nilitaka kujua zimesajiliwa kwa nani, na njia niliyotumia kila mtu anaijua: unaanza kutuma pesa kwa simu, jina linatokea kabla hujathibitisha, unaghairi. Namba tatu hazikuwa na huduma ya pesa. Ya nne ikaleta jina la mwanamke, na jina hilo nikalijua. Ni mama anayeuza chai na mkate wa kumimina Chake Chake, ambaye mafundi wengi tunaanzia kwake asubuhi kabla ya kazi.

Nilikwenda kesho yake mapema, wateja hawajajaa. Nikamwonesha namba ile. Hajapata kuiona. Nikamwomba apige *106# kwenye simu yake, namna ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Zikatokea namba tatu. Yake ilikuwa moja.

"Hizi mbili za nani?" akaniuliza mimi.

Tulikaa pale mpaka akakumbuka. Kuna kijana wa laini aliyewahi kutandika mwavuli karibu na biashara yake kwa siku chache, akimgawia kila mtu laini ya bure yenye dakika za kuanzia. Alipomaliza kuchukua namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, akamwambia aweke kidole kwenye kifaa. Akaweka. Haijashika mama, weka tena. Akaweka. Futa vizuri, weka tena. Alikuwa ametoka kukanda unga, vidole vyake vimekauka na kupasuka kwa moto na maji, kwa hiyo aliona haya. Alidhani anamchelewesha kijana wa watu. Akamwomba radhi.

Hapo ndipo kisa hiki kinaponiuma kuliko karafuu za shangazi. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza nchini tarehe 1 Mei 2019, na baada ya 20 Januari 2020 laini zilizokuwa hazijasajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Nia ilikuwa kila laini iwe na mtu anayejulikana, na nia hiyo ni njema. Lakini simboksi inakula laini nyingi. Ikigunduliwa moja inazimwa, na mwenye kisanduku anahitaji nyengine hiyo hiyo wiki. Zamani alitafuta laini tu. Sasa anatafuta laini iliyokwisha kubebeshwa kidole, na vidole vinapatikana kwa watu wasiokuwa na mazoea ya kuuliza: muuza mkate, mvuvi, bibi anayefuata pesa za mjukuu. Kila aliyewahi kuambiwa "haijashika, weka tena" bila kuoneshwa kilichoandikwa kwenye kioo anastahili kupiga *106# leo.

Fikiria kumbukumbu za laini ile zikifunguliwa. Zinaonesha kwamba muuza mkate huyu amewapigia mamia ya watu asiowajua, usiku na mchana. Miongoni mwa simu zinazopita kwa jina lake, nyingi ni za akina binamu: salamu, misiba, pesa za skuli. Lakini njia haichagui mpitaji. Mtu akiwa nje akitaka kutisha, au kutapeli kama alivyotaka kutapeliwa shangazi, atapita njia hiyo hiyo, na mpelelezi akifuata namba atafika kwenye meza ya chai Chake Chake. Nilimweleza hivyo kwa upole kadiri nilivyoweza. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema anataka kwenda kwa sheha, ajulikane mapema kwamba hajui lolote. Niliona ni busara.

Nilikuwa na rafiki katika kampuni mojawapo ya simu, nikampigia kumuuliza laini zile zinatumika wapi. Alikataa kuniambia, na alifanya sawa. Kumbukumbu za mteja si za kutolewa kwa urafiki. Alichonieleza ni namna wanavyozitambua. Wanafanya kama nilivyofanya mimi na daftari langu, ila kwa mashine: simu za majaribio hupigwa kutoka nchi za nje kwenda namba zao wenyewe, na ikitokea namba ya ndani, laini imejifichua. Njia ya pili ni kutazama mwenendo. Laini ya mtu ina watu wake: inapiga na kupigiwa, inarudia namba zile zile, inakwenda shamba na kurudi mjini, inalala. Laini ya simboksi inapiga tu. Haipigiwi, haimrudii mtu, haihami mnara mwezi mzima, na mara nyingi IMEI moja inavishwa laini hii asubuhi na nyengine jioni. Wenye visanduku wanajua wanatazamwa hivyo na hujaribu kuigiza ubinadamu. Siku hizi laini zenyewe zinaweza kukaa jengo moja na redio zikawa jengo jengine mbali, laini ikatumiwa kupitia intaneti. Kwa hiyo laini iliyotegwa Chake inaweza kuonekana kwenye mnara wa Unguja au wa bara. Kisanduku chenyewe sikukiona wala sikukitafuta. Hiyo ni kazi ya wenye mamlaka.

Niliripoti namba zote nne kwa mitandao yake, pamoja na tarehe na saa kutoka daftarini, na nakala nikaipeleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Posta na simu ni katika mambo ya Muungano tangu 1964, kwa hiyo Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inatugusa visiwani sawasawa, na kuendesha huduma ya namna hii bila leseni ni kosa mbele yake. Baada ya siku kadhaa namba tatu zilikufa. Ya nne, ile yenye jina la mama wa mkate, ilikuwa bado inaita.

Binamu nilimwomba amuonee huruma mama yake. Sasa ana utaratibu: Ijumaa baada ya sala anampigia kwa laini yake ya Oman, dakika tatu au nne tu, kwa gharama kamili, yaliyobaki anayarekodi, ananitumia mimi au mjukuu, shangazi anasikilizishwa. Mjukuu kaiandika ile namba ya 968 kwa jina la baba yake.

Mama wa mkate nilimsindikiza mwenyewe kwenye duka la mtandao, akiwa na vitambulisho vyake viwili, cha NIDA na cha Mzanzibari. Kijana wa kaunta alimpokea kwa heshima, akazifuta laini mbili, akamwambia tayari mama, unaweza kwenda. Hakuondoka. Akauliza karatasi yake iko wapi. Kijana akasema hakuna karatasi, imeshaingia kwenye mfumo.

"Hata kuingia niliambiwa imeingia kwenye mfumo," akasema. "Mimi nataka karatasi."

Kijana akamtazama, akachukua karatasi nyeupe, akaandika kwa mkono namba mbili zile, tarehe ya siku hiyo, na kwamba mwenye kitambulisho hiki amezikana. Akatia sahihi na muhuri wa duka. Mama akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na vitambulisho vyake, tukatoka kumtafuta sheha.